Vidogo vya Ijumaa

Bushira alikuwa na tonge la wali mdomoni alipousoma ule mstari, akasahau kutafuna.

Uzi, kama hujawahi kuisikia, ni programu ya bure iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya C, inayosaidia mashine kuongea zenyewe kwa zenyewe mtandaoni. Yeyote anaweza kuichukua. Waliokuwa wakiitunza ni wawili tu: Bushira, nyumbani kwake Jinja, na Lawrence, kule Malukhu, Mbale. Sheria yao ilikuwa moja: hakuna anayeingiza kazi yake mpaka mwenzake aipitie na kuandika, "Nimesoma, sawa." Sheria nzuri kabisa. Ila yale mabadiliko ya mstari mmoja miwili waliyaita vidogo, wakiyarundika mpaka Ijumaa, na Bushira akiyapitisha yote kwa mkupuo kabla ya kwenda msikitini. Kusoma? Thubutu! Lawrence hakosei, ndivyo alivyojiambia miaka mitatu.

Leo vidogo vilikuwa saba. Alivipitisha saa tano, akaenda kuswali, akarudi, akapakua chakula. Ndipo akaona ujumbe wa Lawrence: "Asante. Saa saba nimeweka toleo jipya kwenye ile kliniki ya hapa kwetu. Naingia barabarani sasa." Basi tu, kwa kupoteza muda, akafungua cha nne.

Kilihusu fankisheni, yaani kile kipande cha programu, ya kusubiri jibu. Zamani ulikuwa ukiipa namba, inasubiri sekunde hizo. Sasa namba ileile ilihesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Namba ni namba; kompaila, ile inayogeuza maandishi kuwa programu, haina neno. Lakini programu ya skrini ya kliniki, inayotumia Uzi na ambayo Lawrence mwenyewe aliiandika na bila shaka akaisahau, ilikuwa bado inasema tano. Kila dakika iliuliza mtungi wa oksijeni umebakiza kiasi gani, ikasubiri tano. Sekunde tano zinatosha. Tano za elfu, hata kukohoa hujamaliza. Na isipopata jibu, skrini ile huacha kipimo cha mwisho palepale, kijani, kana kwamba mambo ni shwari.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi.

Aliyekuwa akipumua kwa mtungi ule ni mtoto wa Ramula, mdogo wake wa tumbo moja. Siku ya tano hiyo tangu azaliwe, mapafu hayajakomaa, jina bado, walikuwa wanangoja Jumapili wamnyoe na kumpa. Jinja mpaka Mbale si pua na mdomo, angefika kuzika. Aliliogopa neno hilo lilipompitia kichwani, akalifukuza, likarudi.

Akampigia Lawrence. Hapatikani. Akampigia tena, upumbavu mtupu, kisha akampigia Ramula.

"Dada," Ramula akaitika kwa sauti ya usingizi. "Amelala. Leo ametulia sana."

Ametulia sana.

"Mpe musawo simu. Sasa hivi, Ramula."

Nesi Gorreti, musawo wa zamu, alikuja kwenye simu bila haraka. "Nnyabo, mama, skrini ni kijani. Mtungi uko nusu."

"Uko nusu tangu saa ngapi?"

"Tangu saa saba, uko hapo tu."

"Musawo, mtungi unatumika kwa muda wa saa mbili na haushuki? Achana na skrini. Nenda ukaangalie geji ya mtungi wenyewe, nakuomba kwa Mungu."

Viatu, mbio. Simu iliachwa wazi mezani, na Bushira akasikia chuma kikiburutwa sakafuni, Gorreti akimwita mtu alete spana, Ramula akiuliza kuna nini, kuna nini, na hakuna aliyemjibu. Bushira alibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Alianza dua, akasahau inavyoendelea, akaianza upya. Hakuna kichanga kilicholia. Dakika ikapita. Ikapita nyingine. Aliogopa hata kupumua, eti asije akakosa kusikia.

Ndipo kikaja kilio chembamba, cha hasira, kikakatika, kikarudi kwa nguvu zaidi.

Muda mrefu baadaye Ramula alishika simu. Alikuwa analia. "Mtungi ulikuwa mtupu, dada. Midomo ilishaanza kuwa bluu. Mungu akupe maisha marefu. Jumapili wewe ndiye utakayemtaja jina."

Bushira aliangalia skrini yake. Chini ya kile kidogo cha nne paliandikwa jina lake, saa tano na dakika sita, na maneno mawili tu.

"Usinishukuru," alisema. "Ni mimi niliyeyapitisha asubuhi mabadiliko yaliyogandisha skrini hiyo. Niliandika nimesoma."

Mtoto alikuwa bado analia nyuma ya Ramula.

"Ulisoma?"

"Sikusoma."