Maharagwe ya Mwewe

Vuli ile, enzi za Mwingereza, Anande wa kijiji cha Akheri alipewa kazi ya kukaa juu ya ulingo na kuhesabu mwewe wanaohama kutoka kaskazini. Karani Hatibu alipopanda kukagua, alikuta daftari jeupe.

"Shikamoo, mama. Hujaandika hata mmoja! Kazi utanyang'anywa."

"Marahaba. Kwetu chenye uhai hakihesabiwi, mwanangu, kisije kikafa. Kitendawili!"

"Tega."

"Wageni wamepita juu bila kuacha unyayo, nami nimewafungia wote kibuyuni."

"Nimeshindwa. Chukua mji wa Arusha wote!"

Anande akamimina maharagwe juu ya kanga: kila mwewe na haragwe lake.

"Hesabu wewe. Maharagwe hayafi."

Hatibu akahesabu mpaka jua la utosi: mia sita na tatu. Akaandika, akajifuta jasho.

"Kesho nitakuletea kibuyu kikubwa, mama."