Pantoni Iliyobaki Kwenye Ripoti

Mwalimu Raimundi aliifunga ripoti akiwa bado ameacha kidole katikati ya kurasa, akamtazama Ursula.

"Ng'ambo ulikwenda mwezi gani?"

"Wa tatu, mwalimu."

"Ulivukaje mto?"

Ursula hakuwa amevuka mto. Alikuwa amenunua ripoti kwenye duka la fotokopi pale Kibaoni, ikamiminwa kwenye flashi yake, akabadilisha jina, mwaka na idadi ya akina mama waliohojiwa. Kazi ya jioni moja. Sasa darasa zima la utabibu mwaka wa tatu lilikuwa linamsubiri, na kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu alichokumbuka kukisoma.

"Kwa pantoni, mwalimu. Ilichelewa kidogo."

Aliyeanza kucheka ni Fredy, halafu wote wakafuata. Pale Ifakara hata mtoto wa chekechea anajua kwamba pantoni iliacha kuvusha watu tangu daraja lilipofunguliwa, na miaka imepita. Ursula naye alijua kwamba daraja lipo. Ila kwao ni Uchindile, upande wa Mlimba, hakuwahi kuwa na shughuli ng'ambo, na mdomo wake ulikuwa umesema kilichoandikwa kwenye karatasi.

Mwalimu Raimundi hakucheka. Alisubiri kelele zitulie.

"Una wiki tatu," alisema. "Uniletee kazi yako mwenyewe, uitetee mbele ya jopo. Ukishindwa, utarudia mwaka."

Kwa Ursula, kurudia mwaka kulikuwa sawa na kufukuzwa. Baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miti, na alishasema kwamba mwaka ujao ni zamu ya mdogo wake, Dionisi, kwenda chuo. Hakukuwa na mwaka wa ziada wa kumpa.

"Kapteni," Fredy alimwita wakitoka. "Leo pantoni inaondoka saa ngapi?"

"Inakusubiri wewe, mzigo."

Alijibu hivyo ili asilie.

Siku iliyofuata alikwenda maktaba. Hakwenda kutubu. Alikwenda kutafuta ripoti nyingine ya kunakili, iliyo bora zaidi, ambayo haina pantoni. Mkutubi, dada Aikande, alimwonyesha rafu ya ripoti za wanafunzi waliotangulia, akarudi kwenye meza yake.

Ursula alichukua ya juu. Kwenye sura ya nne akakuta akina mama wajawazito wamekaa kwenye kingo za mto wakisubiri pantoni. Akachukua ya mwaka uliotangulia. Akina mama walewale, kingo zilezile. Nyingine, hivyohivyo, mpaka kosa la herufi kwenye neno la tatu lilikuwa limerithiwa. Aliendelea kushuka miaka hadi akaifikia ya zamani kabisa, karatasi zimegeuka rangi, na ndani yake mna picha iliyofifia ya pantoni yenyewe imejaa baiskeli na magunia. Huyu alikuwa amekwenda kweli. Wengine wote walikuwa wamepanda mgongoni kwake. Daraja lilikuwa limefunguliwa na mabasi ya Mahenge yanapita, lakini kwenye rafu hii pantoni ilikuwa bado kazini, inachelewesha akina mama kila mwaka.

"Umeikuta?" dada Aikande aliuliza.

"Kumbe ulikuwa unajua, dada?"

"Nimesema mpaka nimechoka. Wanaokuja humu wanauliza soketi ya kuchajia simu."

Ursula alikaa chini na ile ripoti ya zamani mapajani. Alimwonea aibu yule aliyepiga picha.

"Nina wiki tatu," alisema. "Na sijui pa kuanzia."

"Huna pa kuanzia kwa sababu unatafuta jibu. Tafuta kwanza usichokijua."

"Nisichokijua ni kingi, dada."

"Chagua kimoja."

Ursula alifikiri. "Kama daraja lipo, kwa nini zahanati za ng'ambo bado zinasema akina mama wanachelewa kuanza kliniki?"

Dada Aikande alivuta kiti. Kwa siku kadhaa alimfundisha mambo ambayo Ursula alidhani anayajua kwa kuwa ana simu: namna ya kutafuta kwenye hazina ya makala za kitaaluma badala ya kufungua kiungo cha kwanza, namna ya kuangalia nani kaandika, lini, na kajuaje. Alimfundisha kugawa ukurasa kwa mstari wa katikati. Kushoto, maneno ya mwandishi na ukurasa yalipotoka. Kulia, mawazo ya Ursula mwenyewe. Mwanzoni upande wa kulia ulibaki mweupe, na weupe ule ulimuuma kuliko kicheko cha darasani. Kisha akapata makala iliyoandikwa kuhusu wakulima wa mpunga upande wa Mngeta. Ilieleza kwamba msimu ukifika, familia nyingi huhama kijijini na kwenda kuishi mashambani. Upande wa kulia aliandika: Je, na ng'ambo ni hivyo?

Alipata barua ya chuo, akavuka daraja kwa bajaji. Mto chini ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na alikuwa akiuona kwa mara ya kwanza. Nesi wa zahanati alimwelekeza njia ya kwenda mashambani kwa miguu, mwendo wa asubuhi hadi mchana, kati ya majaruba ya mpunga.

Mama Paskalina alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia mpunga, mimba yake ya tano imeshatangulia mbele yake. Mkononi alishika kamba ndefu iliyofungwa makopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Panda, ila usikanyage gogo lile, limeoza."

Ursula alimsomea maelezo ya ridhaa, akauliza habari za daraja na kliniki. Paskalina alivuta kamba, makopo yakalia, wingu la ndege likainuka na kutua jaruba la jirani.

"Daraja zuri sana," alisema. "Linanifikisha Ifakara. Cha kunifikisha barabarani ndicho hakuna. Na nikienda, huku abaki nani? Ndege hawajui siku ya kliniki."

Ursula aliacha kuandika, akamtazama.

"Nini?" Paskalina aliuliza. "Nimesema vibaya?"

"Umesema vizuri. Neno hilo nitaliandika kama lilivyo. Ila jina lako sitaliweka, ndiyo taratibu yetu."

"Sasa watajuaje kama ni mimi niliyesema?"

"Hawatajua kama ni wewe. Ila watajua si mimi."

Paskalina alicheka mpaka dungu likatikisika. "Haya, binti. Vuta kamba hiyo basi, nipumzishe mkono."

Ursula alihoji akina mama wengine mashambani humo, akavuta kamba nyingi. Ripoti ilitakiwa kwa Kiingereza, naye Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Akaandika kwa sentensi fupi. Maneno ya akina mama aliyaacha kwa Kiswahili, yakiwa ndani ya alama za kunukuu, na chini yake akaweka tafsiri. Ile ripoti ya zamani aliitaja kwa jina la mwandishi na mwaka, akaeleza kwamba siku zile kizuizi kilikuwa mto.

Siku ya jopo, mwalimu Raimundi alisoma ripoti ukurasa kwa ukurasa. Mara mbili alifungua orodha ya marejeo na kurudi alikotoka.

"Akina baba," alisema hatimaye. "Mama analinda ndege, kliniki inampita. Baba yuko wapi? Kwa nini asishike yeye kamba?"

Ursula alikuwa na majibu matatu ya kubuni, na yote yangesikika vizuri. Angeweza kusema wako mtoni, au mjini, au wanalala.

"Sijui, mwalimu. Akina baba sikuwauliza."

Wajumbe wengine wawili wa jopo walitazamana.

"Ilipaswa uwaulize," mwalimu Raimundi alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

Aliandika alama, akageuza karatasi ili Ursula aione. Haikuwa alama ya kujivunia. Ilikuwa ya kufaulu.

"Hilo la akina baba uliongeze mwishoni kabla hujajalidi. Ueleze kwamba hukuuliza. Atakayekuja nyuma yako aanzie hapo."

Ursula alitoka mbio hadi maktaba kabla haijafungwa. Aliketi kwenye kompyuta ya dirishani, akashuka hadi ukurasa wa mwisho. Sentensi ilimchukua muda, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuinakili. Aliiandika, akaifuta, akaiandika tena: utafiti huu haukuwauliza akina baba, na ni lazima mtu awaulize.