Picha Namba Arobaini na Moja

Mwaka juzi alikuja mmoja. Mwaka jana wakaja wanne. Mwaka huu, hata nusu yake haijafika, wauza programu za akili mnemba walikuwa wameshanipigia hodi mara kumi na moja, kila mmoja na kompyuta yake na tabasamu lake la kuazima, kila mmoja akidai programu yake inasoma picha za eksirei kumshinda binadamu. Binadamu mwenyewe ni mimi. Hospitalini kwetu daktari wa kusoma picha ni mmoja tu, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa katika chumba chenye pazia jeusi nikisoma picha sitini kwa siku, Jumatatu sabini. Sikuhitaji kufundishwa kazi na kitu kisicho na macho.

"Biashara hii inakua kama uyoga, daktari," aliniambia huyo wa kumi na moja, mama wa makamo mwenye mkoba mkubwa hadi wauguzi wakambatiza Dada Mkoba. "Kila hospitali inanunua. Mtabaki nyuma."

"Nyuma ndiko nilikozoea," nikamjibu.

Lakini mkurugenzi alishavutiwa. Akaagiza jaribio: nichague picha mia moja za zamani ambazo majibu yake yanajulikana, nifute majina, nizipe namba, kisha programu izisome. Nilifurahi kupita kiasi. Nilichagua picha ngumu, zenye ukungu, za watu waliotikisika wakati wa kupigwa. Halafu nikaweka mtego: picha ishirini safi, ambazo ningeziapia mbele ya hakimu. Programu ikionyesha chochote humo, basi ni mwongo, na Dada Mkoba afungashe virago.

Mojawapo ya hizo safi ilikuwa ya mama mkwe wangu. Miezi kumi na minne nyuma alikohoa wiki tatu mfululizo, nikampeleka apigwe picha, nikaisoma mwenyewe mara mbili, nikaandika "safi." Kikohozi kikaisha. Nani angesoma kwa makini kuliko mkwe anayeogopa lawama?

Mama mkwe ni fundi cherehani na anaishi nasi. Ana kawaida moja iliyonitoa jasho tangu niolewe: hakati kitambaa kabla mtu mwingine hajamsomea vipimo upya. Amenitoa jikoni mikono ikiwa na unga. Ameniita nikiwa bafuni na povu kichwani.

"Njoo usome namba."

"Si umeshapima, Mama?"

"Nimepima. Wewe soma."

Siku ya majibu tulikaa watatu mbele ya skrini: mimi, mkurugenzi na Dada Mkoba. Programu ilifanya vizuri, siwezi kuficha, ila iliruka picha mbili nilizokuwa nimezikamata mimi, na nusura nipige vigelegele. Ikafika namba arobaini na moja. Duara jekundu likatokea juu kushoto, nyuma ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani.

"Hapo sasa!" nikapiga meza. "Picha hiyo ni safi. Programu yenu inaona majini."

Mkurugenzi akacheka. Dada Mkoba hakubisha. Alisema kwa upole, "Huenda imekosea, daktari, na kukosea hukosea. Ila angekuwa ni mtu wangu, ningeangalia tena."

Nikafungua orodha yangu ya namba na majina ili nimwaibishe vizuri. Arobaini na moja: mama mkwe.

Nilirudi chumbani kwangu, nikavuta pazia, nikaikuza picha. Nikageuza nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe. Kilikuwepo. Kidoa kidogo kama kifungo cha shati, kimejibanza nyuma ya mfupa. Kuna woga wa kumpoteza mtu, na kuna woga wa kumpoteza kwa mkono wako mwenyewe. Siku ile niliujua huo wa pili.

Sikungoja saa ya kutoka. Nilimkuta kwenye cherehani, akipinda ukingo wa shuka. Nikaketi kwenye kigoda kama mshtakiwa.

"Mama, ile picha ya kifua. Nilisema safi. Haikuwa safi. Kuna kitu, na kilikuwepo tangu siku ile. Sikukiona."

Akasimamisha cherehani. "Kikubwa?"

"Wakati ule, kama kifungo. Leo sijui. Kesho asubuhi twende tukapime upya."

Nikasubiri matusi. Kusema kweli niliyatamani. Yeye alikata uzi kwa meno, akauliza, "Siku ile ulipomaliza kusoma, nani alikusomea tena?"

"Hakuna, Mama. Niko peke yangu."

"Watu wangapi kwa siku?"

"Sitini. Sabini."

Akavua miwani. "Mimi gauni tu, mkwe wangu, gauni la mtu kwendea harusini, silikati kwa macho yangu peke yake. Wewe wamekuachia vifua vya watu, peke yako, miaka yote hii?" Akanishika goti. "Pole, mwanangu."

Akanipa pole mimi. Nililia hadi nikaloanisha shuka la mteja.

Kipimo kilionyesha uvimbe uliokuwa umekua, lakini haujasambaa. Wakaukata pamoja na kipande cha pafu. Daktari wa upasuaji alitoka akiwa na uso wa mtu aliyebahatika, akasema miezi michache zaidi na habari ingekuwa nyingine.

Kwenye kikao cha ununuzi nilisimama kabla sijaulizwa. "Namba arobaini na moja ni mama mkwe wangu," nikasema, "na aliyeandika 'safi' ni mimi." Nikaomba programu inunuliwe, kwa sharti: mimi nisome kwanza, yenyewe isome baada yangu, na asiondoke mgonjwa na jibu la mmoja wetu tu. Na ianze na picha zangu za miaka miwili iliyopita, zote. Dada Mkoba angeweza kuyageuza maneno yangu kuwa tangazo la biashara. Badala yake aliingiza mkono mkobani, akatoa kitambaa, akajifuta macho.

Siku ya tano baada ya upasuaji Dada Mkoba alikuja wodini kumjulia hali mgonjwa. Mama mkwe alikuwa ameagiza futi yake ya kupimia, kaificha chini ya mto wauguzi wasiione.

"Nilitaka kuishonea hiyo programu kitu cha shukrani," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Huyu mkwe wangu anasema haina mwili."

"Haina, Mama," Dada Mkoba akakubali.

"Wewe unao. Sogea hapa."

Dada Mkoba akasogea, huku akinikonyeza nisiitangaze namba ya kiuno chake wodi nzima. Mama mkwe alimzungushia futi, akaibana kwa kidole, akanigeukia.

"Soma namba."

Nikainama. "Tisini na nne."

"Soma tena."

Zamani ningesonya. Nilifuta machozi ili nizione namba vizuri, nikainama, nikasoma tena.