Onyo la Sura ya Tisa

Mdogo wangu alifukuzwa kazi Jumatatu. Alikuwa akitunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye zahanati, kwa programu alizoziandika mwenyewe katika lugha ya kompyuta tuliyoiunda sisi, ofisini kwetu. Alitaka kusafisha faili kuukuu. Akafungua mwongozo wetu, sura ya pili, akaandika amri kama ilivyoelezwa, na kumbukumbu za miaka mitatu zikafutika. Onyo kwamba amri hiyo haichagui faili wala haiulizi kabla ya kufuta lilikuwa sura ya tisa.

Sura ya tisa! Maana mwongozo wetu haukupangiwa msomaji, umepangiwa wahandisi. Kila mmoja ana sura yake, jina lake juu, kwa kufuata nani aliajiriwa kwanza. Aliyeunda amri kaieleza kwenye sura yake, aliyegundua hatari kaiandika kwenye yake, na msomaji atajiju. Mwaka mzima nimepiga kelele kwamba kila amri ikae ukurasa mmoja na onyo lake. Nani anasikia?

Siku hiyo nilipanda ngazi nimefura hadi kwa bosi, ambaye sisi humwita Sura ya Kwanza akiwa hayupo.

"Ukizivunja sura, majina ya watu yataenda wapi?" aliuliza, akikoroga chai.

"Yaende yanakotaka! Mtu kapoteza kazi!"

"Si angesoma mwongozo wote."

"Kurasa mia nne? Wewe umeusoma wote?"

Aliendelea kukoroga chai. Ningeweza kummwagia.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu amekaa sakafuni, mwongozo mapajani. Nikamsimulia yote, nikamponda Sura ya Kwanza mpaka koo likakauka. Hakucheka hata kidogo.

"Dada, hili onyo liliandikwa lini?"

"Mwaka jana."

"Na kuomba mstari mmoja uongezwe sura ya pili, nani angekataa?"

Hakuna ambaye angekataa. Mwenye sura ya pili anakaa meza ya jirani na yangu, mtu mpole, angeuongeza kabla chai haijapoa. Ila mstari ungesomeka chini ya jina lake.

Mdogo wangu alinigeuzia kitabu. Juu ya sura ya tisa, kwa herufi nene, lilikuwa jina langu.