Mlinzi wa Mkate

Kazini naitwa Bando, maana simu haitoki mkononi hata nikinawa. Kazi yangu ni tanuri: naingiza mkate, nauchunga, nautoa. Anayekanda unga ni binti tunayemwita Mikono, na huyo ndiye ananinyima usingizi. Siku ile niliapa lazima nimwambie, tena kwa usomi, maana kwa sura sina mtaji.

Basi nikaanza kuchimba neno la Kiingereza, lady, yaani bibi mkubwa. Jamani, nilichokikuta! Wajuzi wanasema zamani sana lilikuwa maneno mawili, mkate na mkandaji. Na lord, bwana mkubwa mwenyewe, ni mlinzi wa mkate. Nikatazama tanuri langu. Nikajiona bwana mkubwa kamili, na aproni yenye matundu.

Hapo mwenye akili angezima simu akaongee na mtu. Mimi nikazidi kuteremka. Chini ya Kiingereza cha kale kuna lugha kongwe zaidi, na huko mzizi wa ukandaji ni kufinyanga, kama udongo. Mzizi huohuo ukapita kwa Waajemi wa kale, ukajenga ukuta wa bustani, na bustani hiyo ndiyo iliyowapa Waingereza neno lao la pepo ya mbinguni, paradise. Yaani Mikono na pepo ni ndugu wa damu! Nikatunga sentensi ya kumwambia, nikaifuta, nikatunga nyingine tamu zaidi.

Kuja kushtuka, moshi. Mkate wote mweusi tii.

Shangazi yangu, mwenye duka, alishaniambia nikiunguza tena nikatafute kazi kwingine. Akaja, hakufoka, akauliza tu nilikuwa nachunga nini. Uongo ukanikimbia. Nikaeleza yote mbele ya Mikono, huku nakohoa: bwana mkubwa, Waajemi, pepo. Nadhani nilieleza vizuri.

Mikono akajifuta unga taratibu. "Kwa hiyo kaka, mlinzi wa mkate ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Na mkate ndiyo ule?"

Shangazi akageuka ukutani, mabega yanamcheza. Kisha akasema hanifukuzi, hataki maneno na wifi yake, yaani mama yangu. Ila kuanzia kesho Mikono anashika tanuri, mimi nikande.

"Uje mapema nikufundishe," Mikono akaniambia. "Hiyo ya pepo utanimalizia mikono ikiwa ndani ya unga, simu usiweze kuishika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo, na kwa hapana. Kwa "uje mapema" sikuwa nimejiandaa. Nikabaki asante, asante, kama mgeni aliyeonyeshwa choo.