Chai ya Karakana

"Nionyeshe mikono," alisema Mama Nafasi.

Binti aliyekaa mbele yake akasita, kisha akaiweka mezani. Ilikuwa laini, imekunjamana kidogo kwenye ncha za vidole. Mama Nafasi akaigeuza, akaitazama tena bila haraka. Watu wanaosuka mota, yaani kuzivisha upya waya zilizoungua, huwa na mikwaruzo myembamba ya waya wa shaba, na chini ya kucha zao hukaa weusi ambao hakuna sabuni inayouweza. Hii ilikuwa mikono ya mtu anayeosha vikombe.

"Wiki ngapi sasa uko pale karakana?"

"Sita, mama."

"Na umeshika mota ngapi?"

Binti akatazama dirishani. "Nimezifuta vumbi nyingi."

Ofisi ya ajira ya chuo ilikuwa mwisho wa korido, chumba kilichowahi kuwa stoo ya viti vibovu. Viti viwili vya enzi hizo vilikuwamo bado, na kimoja ndicho alichokalia Mama Nafasi. Jina lake halisi lilibandikwa mlangoni ila hakuna aliyelitumia. Wanafunzi walimwita Mama Nafasi kwa sababu ndiye aliyewatafutia nafasi za mafunzo kazini, na mafunzo hayo chuo kiliyahesabu kama somo kamili. Bila saini yake mwanafunzi hahitimu, hata awe na akili za kuchemka.

Alikuwa na mtindo wake wa kazi, na wenzake walimcheka kwa huo. Wao walipiga simu tu. Yeye hakumpeleka mwanafunzi mahali popote kabla hajaenda mwenyewe kukaa hapo asubuhi nzima, mkoba mapajani kama shangazi aliyekuja kumsubiri mtu, akisikiliza watu wanavyosemeshwa. Goti lilimsumbua, na viwanda vingine viko nyuma ya mji kabisa, lakini alikwenda. Kuna waliopata vyeo vikubwa pale chuoni ambao hawajafanya hata nusu ya kazi hiyo.

"Mama, ukisaini tu yanapita," binti alisema taratibu. "Wenzangu wote wamesainiwa. Baba ameshawatangazia ndugu kwamba mwaka huu nahitimu."

"Nikisaini nitakuwa nimekudanganya wewe kwanza. Siku mtu akikuletea mota iliyoungua utamfanyaje? Utamkaribisha chai?"

Binti akacheka bila kutaka, na kicheko hicho hicho kikamtoa machozi. Akasema kwamba kila alipokaribia meza ya kazi, mtu alikumbuka kikombe chake. Mwanzoni alijitolea mwenyewe, kwa adabu, siku ya kwanza tu. Tangu hapo birika likawa lake.

Mama Nafasi akampa leso, na moyoni akajikasirikia. Karakana ile aliichagua yeye. Alikaa pale asubuhi nzima, akapenda jinsi Fundi Mkuu alivyozungumza na wateja kwa upole, na katikati ya mazungumzo akaletewa chai. Chai nzuri kweli, hata akaisifia. Aliyeileta alikuwa kijana mwenye kitambulisho cha chuo kingine shingoni. Jibu la kila alichokwenda kukiuliza lilikuja mbele yake juu ya kisahani, naye akalinywa.

Hakuna karakana ingempokea mwanafunzi kwa wiki mbili zilizobaki. Mkuu wa kitivo, alipoelezwa, alisema asaini yaishe. Basi Mama Nafasi akaomba likizo yake ya mwaka.

"Likizo ya kwenda wapi?" mumewe aliuliza jioni ile, akimenya chungwa.

"Karakana. Kupika chai."

Mumewe akaliweka chungwa chini. "Umesoma miaka yote hiyo ukawapikie mafundi chai?"

"Hapa nakupikia kila siku na usomi wangu huu huu, mbona hujawahi kuuonea huruma?"

Mzee akalirudia chungwa lake.

Fundi Mkuu alikuwa pande la mtu, miwani yake imefungwa kwa kipande cha waya kwenye bawaba. Alimsikiliza Mama Nafasi hadi mwisho, mikono kifuani.

"Mama, mimi sina ubaya na huyu mtoto," alisema. "Lakini mota ikiharibikia mikononi mwake, mteja hamjui yeye. Ananijua mimi. Halafu vijana hapa wameshazoea chai yao ya saa nne, bila hiyo kazi hailali wala haiamki."

"Hilo la chai limekwisha, maana nitapika mimi. La mota mpe ile ambayo mwenye nayo ameshaikatia tamaa. Iko ya namna hiyo?"

Fundi Mkuu akakuna kidevu. Ilikuwapo. Pampu ya shule moja, mota imeungua hadi imekuwa kama mkaa, iko chini ya meza tangu msimu uliopita. Akatafuta sababu ya kukataa na hakuipata. Mama wa watu alikuwa ameshavua koti na anauliza kibiriti kiko wapi.

Chai ya siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Mama Nafasi hakuzoea sufuria ya watu kumi, akaweka majani ya watu wanne. Mafundi walitazamana juu ya vikombe. Mmoja akanong'ona kwamba haya ni maji yaliyopewa habari za chai. Fundi Mkuu akamkata jicho, akainywa yake yote hadi chini kwa heshima.

Pembeni, binti alikuwa anafumua. Alikata koili, yale mafungu ya waya yaliyoungua, akahesabu mizunguko ya kila moja, akapoteza hesabu, akaanza upya. Akakwangua mifereji ya chuma mpaka ikang'aa, akapanga karatasi za kuzuia umeme, akazipanga vibaya, Fundi Mkuu akapita na kuzing'oa bila neno. Akapanga tena. Siku zilizofuata alianza kusuka, na shingo ikamkakamaa hata akawa anageuka mwili mzima anapoitwa. Hakuitwa sana. Mama Nafasi alikuwa mlangoni mwa jiko kama askari, na fundi aliyeinua kikombe kitupu kuelekea kwa binti alikutana na macho yake kwanza.

Siku ya mwisho mota iliunganishwa. Mafundi waliacha kazi zao wakasogea, huku wakijifanya wanatafuta spana. Binti alifuta jasho, akashika swichi, akaiwasha. Mota ikavuma, ikatikisika, harufu ya kuungua ikatoka, na umeme wa karakana nzima ukakatika.

Mama Nafasi alifikiria baba wa watu na ndugu walioshatangaziwa, akafikiria pia kwamba yeye ndiye aliyeng'ang'ana, na kwamba pengine alimharibia mtoto wa mwenzake kwa ukaidi wake tu.

Binti alizima swichi. Kisha akafungua mfuniko wa mota, akaingiza kidole kati ya koili, akapapasa moja baada ya nyingine hadi akafika mahali akasimama. "Hapa," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Nilivuta sana, waya ukachubuka." Akachukua koleo, akaanza kuikata kazi yake mwenyewe ya siku zote zile, safu kwa safu, bila kumtazama Fundi Mkuu wala mtu yeyote.

Mama Nafasi akafuta mkono kwenye aproni, akatoa ile karatasi ya chuo mkobani, akaiegemeza juu ya mfuniko wa sufuria, akasaini. Alijawa na fahari hata herufi zikamtoka kubwa kuliko kawaida yake.

"Mama," Fundi Mkuu alimnong'oneza, "hata haijazunguka."

"Nimeona."

Fundi Mkuu akaitazama ile karatasi, akamtazama binti. Mmoja wa vijana akarudisha umeme, mwingine akaenda kujimiminia chai mwenyewe. Fundi Mkuu akakokota stuli yake, ile asiyowahi kumwazima mtu, akaketi upande wa pili wa meza na kuchukua gurudumu la waya mpya. Akashusha miwani yake puani na kusubiri. Binti alipomaliza kusafisha mifereji alinyoosha mkono bila kuinua kichwa, na fundi akampa ncha. Gurudumu likaanza kuzunguka polepole kati ya viganja vyake vikubwa, akiulegeza waya kila binti alipouvuta.