Mzazi au Mlezi

"Marehemu anaongea na simu, Mama Gift! Marehemu!" Gwakisa, mkuu wa chuo, aliitupa fomu ya ruhusa mezani. "Nuria kaandika mzazi wake amefariki, kaondoka siku saba. Jana nikampigia baba yake Tandahimba. Mzima! Anapalilia mikorosho! Mtihani hafanyi."

Isabela, mlezi wa wanafunzi kwa miaka kumi na tisa, aliiokota fomu. Saa mbili ilishapita. Mtihani wa mwisho ungeanza saa tatu.

"Amefiwa na mjomba, mkuu."

"Kumbe! Kadanganya."

"Hajadanganya. Wewe umetoka Tukuyu, kwenu baba ndiye mwenye mtoto. Huku mjomba. Ndiye aliyemsomesha, ndiye angemwoza."

"Fomu haina mjomba."

Haina, nani asiyejua? Barua ya kwanza ya kuomba neno hilo liongezwe Isabela aliiandika mwaka 2011. Kikao kitakaa, wakasema. Ya pili, 2016: kikao kimekaa, muda haukutosha. Ya tatu aliikuta kantini imefungiwa karanga. Wakuu watano wamekuja na begi moja moja, wakaondoka na magunia ya korosho. Fomu ipo palepale. Neno moja tu! Lakini hawa ndio waliochukua miaka minne kuweka komeo kwenye choo cha wasichana.

Alitoka barazani. Nuria alikuwa amesimama, rula mkononi, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa nini hukuandika mjomba, we mtoto?"

"Pameandikwa mzazi, mama. Baba nampenda, ila shuleni hajawahi kuja hata akiitwa. Alikuwa anakuja mjomba."

"Alete barua ya mzazi au mlezi kabla ya saa tatu!" Gwakisa alipaza sauti kutoka ndani. "Kanuni ndiyo hiyo!"

"Mlezi tumemzika Makote," Nuria alinong'ona.

Isabela alirudi ndani, akavuta karatasi, akaandika akiwa wima: *Mimi, mlezi wa Nuria, nathibitisha kwamba mzazi wake amefariki.* Akasaini.

Gwakisa alisoma mara mbili. "Unanifanyia mzaha?"

"Cheo mmenipa wenyewe. Au nalea mabweni na kunguni wake?"

"Likifika juu, unaondoka wewe. Nitakuandikia ujieleze."

"Andika. Zangu hamjajibu hata moja. Yako nitaijibu leo leo."

Hakusubiri mkuu aigonge barua muhuri. Alimshika Nuria mkono, wakakata uwanja, akamketisha kwenye dawati la nyuma. Msimamizi, Christopher, aliinua macho kutoka kwenye bahasha ya mitihani.

"Mama Gift, kibali chake kina muhuri?"

"Gawa karatasi, baba. Kibali kinakuja."

Akaenda kusimama mlangoni, bega huku, bega kule.

Gwakisa alitokea ng'ambo ya uwanja, barua ile mkononi, anatembea upesi. Upepo uliikunja karatasi, ukaikunjua, ukaikunja tena. Kwa umbali ule huwezi kujua kama imepigwa muhuri. Isabela hakusogea. Nyuma yake karatasi zilikuwa zinafunuliwa, na Nuria alishaanza kuandika jina lake.